Sura ya Sita: Alama ya Plasta

Ijumaa ilipofika saa nne asubuhi, Mkaguzi Ajoa Egyir alikuwa amebakiwa na muda wa saa mbili kujua ni nani, au ni nini, kilichokuwa kikiwazidishia watoto mionzi katika Hospitali ya Mtakatifu Anselm, mjini Abokyia. Saa sita ikigonga bila jibu, sheria ilimtaka atoe utepe mwekundu mkobani, aubandike kwenye mlango wa chumba cha CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na mashine hiyo ilale hadi wakubwa wa Accra wapate nafasi ya kuja. Na wakubwa wa Accra hawajawahi kuwa na haraka na mji ulio mwisho wa lami.

Nje ya chumba hicho, kwenye benchi, alikaa mtu asiyeweza kuwasubiri. Jina lake Nana Benyiwa, umri miaka sita. Kwenye figo yake ya kushoto kulikuwa na uvimbe ambao daktari wa upasuaji alipanga kuutoa Jumanne, naye alikwisha kusema wazi kwamba bila picha mpya hashiki kisu. Kando yake alikaa mama yake, Mansa, mkausha samaki kwa moshi kule ufukweni, na kapu la dokono, madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa majani, miguuni.

"Madam," Mansa alimwita Ajoa kabla hajashika kitasa. "Redio imesema mashine hii inawachoma watoto. Mimi nimekuja hivyo hivyo. Sasa niambie, leo mtampiga picha au nimrudishe nyumbani?"

"Nipe hadi saa sita, mama."

"Saa sita ya saa, au saa sita ya serikali?"

"Ya saa," Ajoa alisema, akaingia ndani upesi asije akacheka mbele ya mgonjwa.

Daktari Hagan, mkuu wa hospitali, alikuwa anamsubiri na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, na aliongea kama anayeogopa kuchelewa mkutano.

"Mkaguzi, tusizungushane. Watoto kumi na mmoja wamezidishiwa. Wote kumi na mmoja wamepigwa picha na Ebo Arkorful. Bi Fynn naye kapiga watoto tisa, hakuna hata mmoja aliyezidishiwa. Hiyo ni hesabu ya chekechea. Weka sahihi, Ebo aende nyumbani, tuendelee na kazi."

Ajoa aliisoma karatasi. Mahali palipoandikwa 'Sababu' palikuwa na neno moja: uzembe.

"Uzembe gani?"

"Uzembe ni uzembe."

"Mkuu, nyumba ikiungua kwa sababu mtu kaacha jiko, tunaandika jiko. Nisipojua Ebo alifanya nini, Bi Fynn anaweza kukifanya kesho bila kujua."

"Saa sita," Hagan alisema, akatoka na karatasi yake.

Ajoa alifungua daftari. Jana yake alikuwa ameanza na mashine yenyewe, kwa sababu ya harufu. Chumba kile kilikuwa cha baridi kali, kimepigwa deki kwa dawa tangu alfajiri, lakini mlikuwa na moshi ndani yake, hafifu, wa kuja na kwenda. Alidhani kuna waya unaungua. Alifungua mifuniko, akapima umeme, akapima mionzi inayotoka, na mashine ikawa nzima kabisa. Harufu akaiandika, akaiwekea alama ya kuuliza.

Kisha akapata kitu kilichomfanya ajione mjanja. Katika daftari la dozi, Nana Benyiwa alikuwa ameandikwa kuwa na umri wa miaka sitini. Karani aliona 'Nana', jina la kuwaitia wazee, akafikiri ni bibi kizee, akamwongezea sifuri kwa heshima. Ajoa alitembea ukumbi mzima akiamini kesi imekwisha: mtoto kapewa mionzi ya mtu mzima kwa kuwa tu karithi jina la bibi yake. Ebo Arkorful alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonea huruma.

"Dada mkaguzi, nilimlaza kwa mikono yangu mwenyewe. Bibi wa miaka sitini haniulizi kama mashine ina meno."

Kompyuta ilimuunga mkono. Mpangilio aliouchagua ulikuwa wa watoto. Na katika wale kumi wengine hakuna aliyeitwa Nana. Ajoa alifuta mstari mzima na kujiambia kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Hivyo Ijumaa hii zilibaki zamu za wapiga picha wawili. Alimwita kwanza Bi Vida Fynn, mwenzake Ebo, mwanamke mwembamba aliyeketi wima na mikono mapajani.

"Kwako watoto wanalalaje?"

"Wanalazwa kitandani, wanafungwa mikanda. Anayezidi kulia anachomwa dawa ya usingizi. Sifurahii, lakini namba zangu za dozi ni safi."

"Kitanda mnakipandisha mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye plasta." Alionyesha kwa kidole kupitia dirisha la kioo. Kwenye mguu wa kitanda cha mashine kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe ya kidonda. "Kuna taa ya pembeni ya kutuonyesha kama mgonjwa yuko katikati ya duara la mashine. Ilikufa mvua za Juni mwaka jana. Ebo akapima, akabandika alama. Sote tunaitumia, na aliipima vizuri."

Ajoa alifunua ukurasa. "Mwezi wa tatu ulimpiga picha Nana Benyiwa. Namba yake nne, sawa na inavyotakiwa. Mbona kuna picha mbili?"

Bi Fynn aliangalia mikono yake. "Alijitupa. Ya kwanza ilitikisika, nikarudia."

"Nne mara mbili ni nane, dada. Kwa Ebo alipata sita, mara moja tu."

Bi Fynn alisema polepole, "Kwake hawalii. Sijui anawafanya nini. Mimi pia ningependa kujua."

Ebo alipoingia alikuwa amevua koti lake la kazi na kulikunja juu ya mkono, kama mtu aliyekwisha kufukuzwa. Alikuwa na mvi za pembeni na kicheko ambacho leo kilikuwa likizo. Watoto wa mji mzima walimwita Mjomba.

"Nieleze kazi yako hatua kwa hatua," Ajoa alisema. "Nifanye mwanafunzi."

"Nasoma karatasi ya daktari. Namuuliza mama jina la mtoto, hata kama namjua. Nampima uzito. Nachagua mpangilio wa watoto. Namlaza. Napandisha kitanda mpaka kwenye plasta. Natoka nje, napiga picha ya kupimia, naitazama, ndipo naanza."

"Basi?"

"Basi."

"Hujaruka kitu?"

"Hii kazi nina miaka kumi na tisa nayo. Ningeruka kitu ningejikwaa."

"Taa ya pembeni uliitolea taarifa?"

"Barua tatu. Juni, Agosti, Januari." Alisema bila uchungu, kama anayetaja tarehe za kuzaliwa. "Nakala ziko kwenye droo yangu. Sikutaka kupiga kelele. Mkuu ana mengi."

"Na wewe ulipoona namba zinapanda?"

Hapo uso wa Ebo ulisawijika. "Sikuziona, dada. Nilikuwa natazama picha. Picha zilikuwa nzuri, mtoto katulia, hakuna kurudia. Nikirudi nyumbani nilikuwa nalala vizuri. Niambie ukweli. Nimewachoma?"

"Hakuna aliyeungua. Wamepewa kupita haja yao. Kaa hapo nje, usiende mbali."

Saa tano na dakika kumi. Ajoa alifungua picha mbili za Nana kwenye skrini, ile ya Bi Fynn kushoto na ile ya Ebo kulia. Tumbo lilikuwa lile lile, uvimbe ule ule. Hakutazama tumbo. Wenye macho ya kutazama tumbo walikuwa wengi hospitalini. Yeye alilipwa kutazama pembeni. Kushoto, mgongo wa mtoto ulikuwa umegusa kitanda. Kulia, haukugusa. Alizidisha mwanga wa picha mpaka giza la chini likafunguka, na pale kati ya kitanda na mgongo ikajitokeza mistari myembamba, imelaliana kama kurasa za kitabu. Alipima kwa rula ya kompyuta. Sentimita saba. Alifungua picha ya mtoto wa pili wa Ebo, kisha ya wa tatu, kisha ya wa nne. Wote walikuwa wamelala juu ya kurasa.

Aliinuka, akaingia chumba cha mashine. Harufu ya moshi ikaja tena, na safari hii hakuiandika. Aliifuata. Ilimpeleka kwenye kabati la zile aproni nzito za risasi za kuzuia mionzi, akazisogeza, na chini yake, kwenye rafu ya mwisho, akakuta vitenge. Vilikuwa vimekunjwa mraba, vimepangwa kwa adabu, kila kimoja na karatasi iliyobanwa kwa pini: Kwansima. Paa Kojo. Ekuwa wa Dominase. Cha juu kabisa kilikuwa cha buluu chenye shanga za manjano, na kilinuka samaki wa kukaushwa mpaka macho yakamwasha. Kwenye karatasi yake palikuwa pameandikwa Nana Benyiwa. Ajoa aliweka mkono kando yake. Vidole vinne vilienea sawasawa.

"Mjomba!" aliita, bila kujua kwamba na yeye ameanza kumwita hivyo.

Ebo alikuja, akaona kabati liko wazi.

"Hiki nini?"

"Ah. Vitenge vya mama zao." Alikigusa cha juu kama anayeamsha mtu. "Mtoto akilala juu ya kitenge cha mama yake, anasikia harufu yake, anatulia. Huhitaji mkanda wala sindano. Mama hawezi kuingia na mtoto kwenye mionzi, lakini kitenge chake kinaweza. Wengine wananiachia kwa ajili ya safari ijayo."

"Mbona hukuniambia? Nilikuuliza hatua zote."

Ebo alimshangaa. "Uliniuliza kazi. Hiyo si kazi, dada. Hiyo ni mama."

Ajoa aliomba dumu la maji, lile la manjano la lita tano ambalo wafagizi walitumia. Alililaza kitandani, kitanda tupu, akapandisha mpaka kwenye plasta, akapiga. Namba ikaja: tatu na nusu. Akaliinua dumu, akaweka kitenge cha buluu chini yake, akapandisha mpaka kwenye plasta ile ile, akapiga tena. Mashine ile ile, maji yale yale.

Tano na robo.

Ebo alisoma namba, akatazama juu, pale ndani ya duara ambapo bomba la mionzi husimama linapopiga picha ya kupimia. Alikuwa mtaalamu, hakuhitaji kuelezwa. Aliketi kwenye kiti cha mgonjwa, akafunika uso kwa viganja viwili. "Nimewanyanyua," alisema ndani ya viganja. "Nimewanyanyua mimi mwenyewe, nikawasogeza kwenye bomba." Ajoa alimwonea huruma kweli, na hakuona haja ya kuificha. Alimwekea mkono begani, akauacha hapo.

Saa sita kasorobo Daktari Hagan alirudi na karatasi yake. Mansa, aliyekuwa amechoka kuambiwa subiri, alimfuata nyuma na Nana kiunoni na kapu mkononi.

"Umepata?" Hagan aliuliza.

"Nimepata. Mama, hebu niazime dokono moja. Na wewe, mkuu, simama hapo."

Ajoa aliwasha tochi ya simu, akaishika juu ya meza. Chini ya mwanga aliliweka dokono likiwa ndani ya majani yake, nalo likatupa kivuli mezani.

"Mashine hii, kabla ya kazi, inampima mtu kama fundi cherehani. Inapiga picha moja nyepesi, inaona kivuli chake, inasema huyu mnene, huyu mwembamba, kisha inamkatia mionzi ya kumtosha. Sasa tazama." Aliliinua dokono vidole vinne, likaukaribia mwanga. Kivuli kikavimba, kikajaa meza. "Dokono limeongezeka?"

"Limeongezeka wapi?" Mansa alisema. "Nimelifunga mwenyewe leo alfajiri."

"Lakini fundi kaona kivuli. Kadhani kaletewa mtu mnene, kamkatia kitambaa cha mtu mnene. Watoto hawa walilala juu ya vitenge vya mama zao, wakawa juu kuliko katikati, na mashine ikawaona wakubwa."

Mansa alitazama kitenge chake cha buluu juu ya kitanda. Alielewa kabla ya daktari. "Kwa hiyo ni kitenge changu?"

"Si kitenge chako, mama. Ni taa." Ajoa alimgeukia Hagan. "Kuna taa ya kuonyesha katikati. Ingekuwa hai, Ebo angeona mtoto kapanda, angeshusha kitanda. Taa imekufa tangu mvua za Juni, na una barua tatu."

"Barua huwa nyingi," Hagan alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua pasi.

"Basi ya nne ni hii yangu. Taa iwe inawaka ndani ya siku kumi na nne, la sivyo nitarudi na utepe. Na pale kwenye 'Sababu' futa uzembe."

"Niandike nini?"

"Andika ukweli. Taa mbovu na mkono wenye huruma. Wakubwa wa Accra watasoma mara mbili, lakini wataelewa."

Mansa alikishika kitenge. "Kitenge hiki kinaitwa Shanga Njema Hazipigi Kelele," alimwambia Nana, lakini alikuwa anamtazama Ebo.

"Shanga, sawa," Ajoa alisema. "Lakini taa iliyokufa, Mjomba, inapigiwa kelele. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika tano. Ajoa alifungua mkoba, akatoa utepe mwekundu. Mansa alipoona rangi ile alimkumbatia mtoto kwa nguvu, maana kila mtu Abokyia alikuwa amesikia habari ya utepe. Ajoa aliomba mkasi. Alikata kipande kifupi, upana wa kucha, akapiga goti kando ya mashine, akapima vidole vinne chini ya plasta nyeupe, akakibandika hapo kwenye mguu wa kitanda.

"Nyeupe ni ya mtoto anayelala kitandani," alisema. "Nyekundu ni ya mtoto anayelala kwa mama yake. Kitenge kipimwe kila mara, vidole vinne, kisizidi wala kisipungue. Bi Fynn!" Bi Fynn alikuwa mlangoni, haijulikani tangu lini. "Na wewe njoo uone. Hutahitaji sindano."

Nana alilazwa. Alivuta harufu ya moshi, akageuza shavu, akatulia. Ebo alikuwa amevaa tena koti lake, akakipandisha kitanda mpaka kwenye alama nyekundu.

"Mjomba, mbona leo sijafika juu?"

"Leo unakaa katikati, Nana."

"Katikati kuna meno?"

"Hayajawahi kuota. Vuta pumzi. Ishike. Usiachie mpaka nikwambie."

Mashine ilizunguka, ikanyamaza. Ebo hakutazama picha kwanza. Alitazama kona ya chini ya skrini, na namba ilipokuja aliisoma kwa sauti, ili Mansa asikie. "Nne." Kisha ndipo akatazama picha, na picha ilikuwa safi, uvimbe umekaa wazi na mipaka yake yote kwa ajili ya kisu cha Jumanne.

Mansa alimvalisha mtoto. Dokono la ushahidi aliliacha mezani, akasema la serikali hilo, yeye hadai.

Ajoa alikusanya karatasi zake. Ebo alikuwa bado ameketi, daftari la dozi limefunguka mbele yake kwenye majina kumi na moja.

"Hatari yao ni ndogo," Ajoa alimwambia. "Ndogo sana. Lakini ni yao, lazima waambiwe. Hospitali itaandika barua."

"Barua." Ebo alitikisa kichwa. "Barua za hospitali hii nazijua zinavyosomwa." Nana ndiye alikuwa wa kwanza kwenye orodha, na mama yake alikwisha kujua. Alimwekea alama ya vema, akateremsha kidole hadi jina la pili. Akachukua simu, akabonyeza, akasubiri. Ajoa alijua kwamba amemaliza kazi yake na angeweza kuondoka, lakini alibaki amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Haloo? Mama Kwansima? Ni Mjomba Ebo, wa hospitali." Upande wa pili ulisikika ukicheka kwa furaha, ukiuliza kitu, kisha ukaacha kucheka. "Hapana, hapana, mama yangu. Mtoto hana neno." Aliuweka mkono wake wa pili juu ya vitenge alivyokuwa amevitoa kabatini. "Mwenye neno ni mimi. Keti kwanza, nikwambie."